Fahamu: Rafadha ipi inafaa mtumbwi wa mizigo Lualaba?

Mtumbwi uliojaa mpunga na mawese, ukipanda mto Lualaba upande wa Kasongo, hauhitaji rafadha ile ile ya boti tupu. Wengi hukimbilia injini kubwa. Mimi nasema anza na namba mbili za rafadha: kipenyo na hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Hatua ndefu hukipa mwendo chombo chepesi, lakini chini ya mzigo huilemea injini, ikachemka na kunywa petroli bure. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, mizunguko ya injini huongezeka kama 150 hadi 200 kwa dakika. Ila chombo kilichozidishiwa mizigo hakiokolewi na rafadha yoyote. Nahodha, shusha magunia kwanza.