Ganda la Korosho na Vitundu Visivyoonekana

Aliyewahi kukaanga korosho kwenye bati, iwe Nachingwea au Ruangwa, anayajua mafuta ya ganda. Yanawaka kwa hasira, moshi wake unatoa machozi, na yakigusa mkono ngozi hubambuka. Wengi tunayahesabu kuwa adha ya kubangua, basi. Mkemia huona humo molekuli ya ajabu: asidi anakadiki, yenye kichwa kinachopenda maji na mkia wa kaboni 15 unaoyakimbia.

Ukiichanganya na maji na ethanoli, mikia hukumbatiana ndani na vichwa hubaki nje, vikawa vifurushi vidogo mno. Hapo mkemia hujenga silika, jamaa wa mchanga, kuvizunguka vifurushi hivyo. Silika ikishashika, mafuta huoshwa yakatoka. Ni kazi ya fundi anayemwaga zege juu ya mbao, likikauka akazing'oa. Kinachobaki ni unga mweupe uliojaa vitundu vyenye upana wa nanomita 2 hadi 50, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Gramu moja ya silika ya aina hii inaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 700, zaidi ya viwanja vinne vya voliboli. Kichocheo, yaani kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, kikishikishwa humo hufanyia kazi ukutani, kwa hiyo ukuta mwingi ni nafasi nyingi za kazi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimelifanyia jambo hili utafiti wa miaka mingi. Mwaka 2011 mkemia wake Egid Mubofu na wenzake walichapisha kazi ya vichocheo vya namna hiyo: silika iliyotengenezwa kwa kutumia mafuta ya ganda la korosho, ikashikishwa shaba, kisha ikatumika kuvunja asidi maleiki iliyomo majini. Asidi hiyo ni miongoni mwa masalia sugu katika maji machafu ya viwandani.

Sasa, utajuaje kwamba mafuta yametoka kwenye vitundu? Jicho halioni ila unga. Hapo ndipo inapoingia spektroskopia ya infraredi. Kiungo kati ya atomu mbili hutikisika kwa mpigo wake mwenyewe, kama bembea: ukiisukuma kwa mpigo wake inapanda, ukiisukuma ovyo inakataa. Miale ya infraredi ikipita kwenye unga, kila kiungo humeza mpigo unaolingana na wake, na mahali hapo mchoro wa mashine hushuka bondeni. Silika ina bonde kubwa karibu na namba 1080, yaani mawimbi 1080 katika sentimita moja. Mikia ya mafuta, yenye viungo vya kaboni na haidrojeni, huchimba mabonde karibu na 2925 na 2855. Osha kwa ethanoli, pima tena. Mabonde hayo yakisawazika, vitundu viko wazi. Yasiposawazika, rudi ukaoshe.

Kuna mtego hapa. Ili kushika shaba, silika huwekewa mikono mifupi ya kaboni, na mikono hiyo nayo hutoa mabonde karibu na 2900. Mgeni wa maabara atadhani mafuta yamerudi. Mtego wa pili unanikera zaidi: kiungo cha kaboni na naitrojeni kilicho kwenye mikono hiyo, kinachoishika shaba, huonekana karibu na 1640, na maji nayo huonekana hapo hapo. Silika hunywa unyevu kwa pupa; ndiyo iliyomo kwenye vile vifuko vidogo vya ndani ya boksi la viatu vipya. Katika hewa ya Dar es Salaam, sampuli isiyokaushwa vizuri itakuonyesha kiungo ambacho hukukitengeneza. Mimi siamini bonde la 1640 mpaka niambiwe unga ulikaushwaje.

Upana wa vitundu haupimwi kwa infraredi. Hupimwa kwa kuvijaza gesi ya naitrojeni katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Ganda lenyewe liko tele kwa wakulima wa RUNALI, ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ila korosho nyingi za Tanzania bado husafirishwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam, ganda likiwa juu ya kiini. Mnadani bei hutajwa kwa kilo ya korosho; mafuta ya ganda hayana bei yake.