Kimbunga hakifiki Bukoba, mvua yake hufika

Alhamisi ya Aprili 25, 2019, kikao chetu cha akina mama hapa Muleba hakikumalizika. Mama mmoja mwenye kijana aliyekuwa akisoma Mtwara alikuja na redio ndogo kwenye mkoba, na kila ilipofika saa ya taarifa ya habari sote tulinyamaza. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba kimbunga Kenneth kinaelekea kusini mwa pwani yetu. Jioni ile kilipiga nchi kavu upande wa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, na Mtwara ikanusurika. Kijana alipiga simu usiku. Lakini kabla hatujaachana mama yule alikuwa ameshatuuliza: "Nesi, na sisi huku ziwani, siku moja kitatufikia?"

Tulimjibu haraka haraka kwamba hapana. Jibu lile lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu ya jibu.

Tuanze na nusu hiyo. Kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Kikishaingia nchi kavu hukosa mvuke wa kukilisha, nacho hufifia kama jiko lililoishiwa mkaa. Tena, ili upepo ule uzunguke, unahitaji msaada wa mzunguko wa dunia yenyewe, na msaada huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Bukoba iko kusini ya ikweta kwa nyuzi moja na kidogo tu. Mtwara iko kwenye nyuzi 10. Hata pwani yetu hupigwa mara chache. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa kwa wingi. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Hidaya ilipofika Mafia Mei 2024 ilikuwa imekwisha kupungua nguvu.

Mwaka ule wa 2019 ulikuwa na mambo. Katikati ya Machi kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, na Msumbiji peke yake ikapoteza watu zaidi ya 600. Wiki sita baadaye ndipo akaja Kenneth. Nchi ile haikuwa na kumbukumbu ya kupigwa na vimbunga viwili vikali namna ile katika msimu mmoja. Septemba ikawa zamu ya visiwa vya Bahama, Oktoba Japani, Desemba Somalia.

Sisi wauguzi tuliangalia zaidi kilichofuata baada ya upepo. Beira, maji yalipoanza kushuka, kipindupindu kiliingia, wakaugua maelfu katika wiki chache. Na tuliangalia India. Mwaka 1999 kimbunga kiliua watu wapatao 10,000 katika jimbo la Odisha. Mei 2019 kimbunga Fani kilipolipiga jimbo lile lile, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na waliofariki walihesabiwa kwa makumi. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba watu walipewa habari mapema, wakaondoka.

Sasa nusu ya pili ya jibu. Kimbunga kikubwa huvuta upepo wa mbali, hata ule unaotuletea mvua huku Kagera. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa karibu na Madagaska, upepo uligeuka ukatoka upande wa Kongo ukiwa na unyevu, na Afrika Mashariki ikanyeshewa sana. Mwaka uliofuata Idai, aliyekuwa upande mwingine wa kisiwa hicho, alifanya kinyume: masika yalichelewa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Akina mama waliopanda maharage kibanjani kwa kufuata kalenda wanakumbuka.

Kisha, kuanzia Oktoba 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ikawa na joto kuliko upande wa Indonesia, na mvua zikaja bila kupumzika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kidogo kimo cha mwaka 1964, ambacho ndicho kilikuwa kikubwa kupita vyote vilivyopimwa. Maji yaliingia kwenye nyumba na mashamba ya kandokando ya ziwa.

Na baada ya mvua huja mbu. Muleba tunalijua hilo vizuri. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifuatwa na mlipuko mkubwa wa malaria hapa kwetu, na mwaka 2006 ukaja mwingine. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba bahari ina joto lisilo la kawaida, usizime. Kagua chandarua cha watoto kama kimetoboka, na kama una mimba usikose dawa ya kuzuia malaria unayopewa kliniki.

Liko jambo moja ambalo halitoki baharini kabisa. Ziwa letu lina dhoruba zake lenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda milimani. Usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana juu ya maji, na mawingu ya radi hukua hadi alfajiri. Ndiyo maana Bukoba huamshwa na mvua asubuhi. Kwa aliye kitandani ni jambo la kujifunika shuka.

Mama mmoja wa kisiwani, mimba yake ya kwanza, uchungu ulimwanza saa tano usiku. Upepo ulikuwa umekwisha kuchafua maji. Wenye mtumbwi wa injini walikataa kuondoka, na hatuwalaumu. Wangeondoka tungezika watu saba. Walifika kwetu kesho yake saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Kwenye kadi ya kliniki ilikuwa imeandikwa tangu mwezi wa saba kwamba mama huyu ni mfupi, nyonga nyembamba, ajifungulie hospitali. Hakuna aliyemwambia kwamba kufika hospitali ni kuvuka ziwa, na ziwa halina ahadi.

Tangu siku ile kila mjamzito wa visiwani tunamuuliza swali moja ambalo halimo kwenye kadi: ng'ambo hii una nani? Shangazi, dada, rafiki wa kwaya, yeyote. Mimba ikifika wiki 36 avuke, avuke mchana ziwa likiwa limetulia, akiwa amevaa boya, asubiri huku. Waume wengi hulalamikia gharama ya kukaa kwa watu mwezi mzima. Tunawaambia watume dagaa.

Mama yule alirudi baada ya miaka miwili na nusu. Alivuka wiki tano kabla, na ndoo ya dagaa kichwani, akakaa kwa shangazi yake. Usiku alipojifungua mvua ilikuwa ikipiga bati kwa kishindo, hata mtoto alipolia hatukusikia. Tuliona kinywa kikifunguka. Ni msichana, kilo tatu na robo.