MUZIKI WETU UKAE NYUMBANI KWETU

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mna sanduku chini ya kitanda, au kabati la zamani sebuleni, ambamo zimewekwa kanda za kaseti, CD, na pengine santuri mbili tatu alizoziacha marehemu baba. Mtu hulipita sanduku hilo kila siku asilitazame. Tumeona yafaa leo tulizungumze, kwa sababu yaliyomo ndani yake yanaangamia kidogo kidogo, nasi tunao uwezo wa kuyaokoa kwa mikono yetu wenyewe.

Wako watakaouliza: kuna haja gani ya kujisumbua, na nyimbo zote zi ndani ya simu? Swali hilo si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba siku hizi makampuni makubwa ya ng'ambo huwapa watu muziki kwa malipo ya kila mwezi. Lakini alipaye kila mwezi hanunui wimbo, anaukodi. Akikosa kulipa, mlango hufungwa. Ruhusa ya kampuni juu ya wimbo fulani ikimalizika, wimbo huondolewa pasipo msikilizaji kuulizwa. Na kampuni yenyewe ikiamua kufunga duka, hufunga. Mnamo Desemba 2020 Google iliifunga huduma yake iliyoitwa Google Play Music, ambamo watu walikuwa wameweka maelfu ya nyimbo zao wenyewe. Wakatakiwa wazihamishe, ama wazikose.

Liko na jambo la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi. Chama cha wafanyakazi NUTA kilipoundwa mwaka 1964, wafanyakazi walipata pia bendi yao, NUTA Jazz. Bendi hiyo ikaja kuitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Nyimbo zake, pamoja na zile za Morogoro Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi, zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na wananchi wakazinakili redioni kwa kaseti zao. Si kila wimbo wa namna hiyo umepata kutolewa madukani. Upo uwezekano kwamba nakala nzuri iliyosalia ya wimbo fulani ni ile iliyo katika sanduku lako, ndugu msomaji. Na ukanda wa kaseti hauishi milele: joto na unyevu wa pwani huuotesha ukungu, na sauti hufifia.

Dawa yake ni nini? Ni kuifanya kompyuta moja ya nyumbani iwe seva ya muziki. Neno hilo lisimtishe mtu. Seva maana yake ni mtumishi: kompyuta iliyokaa pembeni, imebeba nyimbo zote za nyumba, na kila mwenye simu au redio ya kisasa ndani ya nyumba huiagiza wimbo autakao nayo ikampelekea. Kazi hiyo ni nyepesi, wala haihitaji mashine mpya. Kompyuta iliyoachishwa kazi ofisini kwa uzee, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, yatosha kabisa. Iliyo bora zaidi kwetu ni kompyuta ya mapajani, maana ina betri yake, na umeme ukikatika haizimiki ghafula na kuharibu diski.

Hatua ya kwanza ni kuiwekea mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, nao hutolewa bure. Hatua ya pili ni kuweka programu ya kugawa muziki, kama vile Navidrome, Jellyfin au Lyrion. Hizi nazo ni za bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyarekebisha. Hatua ya tatu ni kuiunganisha kompyuta na ruta ya nyumbani, na ruta ipangwe iipe anwani isiyobadilika, ili simu zisiipoteze. Hapo wimbo hutoka kwenye kompyuta, hupita kwenye ruta, huingia kwenye simu, pasipo kutoka nje ya nyumba. Kwa hiyo hautumii bando hata kidogo, na intaneti ikikatika muziki hauzimiki.

Kazi ngumu ni kuziingiza kanda zenyewe. Waya hutoka katika tundu la sauti la redio kaseti ukaingia kwenye kompyuta, na programu kama Audacity hurekodi. Hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 itakula dakika 60. Mwenye kanda 50 na afanye moja kila jioni, na kabla ya miezi miwili kupita atakuwa amemaliza. Faili zihifadhiwe kwa mtindo wa FLAC, unaobana wimbo hadi karibu nusu ya ukubwa wake pasipo kutupa sehemu yoyote ya sauti. Diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 2,500 za muziki wa namna hiyo. Na kila faili iandikwe jina la wimbo, bendi, mtunzi na mwaka, kama yanajulikana. Hapa waulizwe wazee wangali hai, maana wimbo usio na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Gharama ya umeme nayo tuiseme wazi. Kompyuta ya mapajani inayotumia wati 15, ikiwaka usiku na mchana, hula uniti 11 hivi kwa mwezi. Asiyeweza hizo na aizime aendapo kulala.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, diski hufa, na mara nyingi hufa bila kubisha hodi. Aliye na nakala moja tu hana nakala. Iwepo diski ya pili, tena ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki, ili moto au mwizi asichukue vyote kwa siku moja. Ya pili ni haki. Kujihifadhia kanda uliyo nayo, uisikilize na jamaa zako, ni jambo moja. Kuzinakili nyimbo na kuziuza sokoni kwa flashi ni jambo jingine, nalo ni kula jasho la mwanamuziki. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na mfanyakazi ajuaye uchungu wa kupunjwa ujira hapaswi kumpunja mwenziwe.

Huenda mtu akasema kwamba programu hizo za bure nazo zitakufa siku moja. Tumjibu kwa mfano. Kampuni ya Slim Devices ya Marekani ilianza mwaka 2001 kuuza visanduku vya kuchezea muziki uliomo katika kompyuta ya nyumbani, ambavyo baadaye viliitwa Squeezebox. Mwaka 2006 ikanunuliwa na Logitech; mwaka 2012 visanduku hivyo vikaachwa kutengenezwa; na mwaka 2024 huduma yake ya intaneti ikafungwa. Kwa desturi ya biashara, habari ingekwisha hapo. Lakini programu ya seva ilikuwa wazi kwa wote, na wapenzi wake wakaiendeleza. Ndiyo hiyo tuliyoitaja juu kwa jina la Lyrion, na visanduku vya zamani vingali vikiimba. Kilichokuwa mali ya kampuni peke yake kilifungwa. Kilichokuwa cha wote kimebaki.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea kwa chakula na kwa kazi. Hatuoni kwa nini tusijitegemee kwa nyimbo zetu. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yanao vijana wajuao kompyuta, na yanao wazee wenye masanduku. Na wakutanishwe. Jioni ya leo, ndugu, livute sanduku lile kutoka chini ya kitanda, ulifungue, na uanze na kanda moja.