Baada ya Joho: Safari ya Mhitimu wa Udaktari Hadi Kitandani kwa Mgonjwa

Kila msimu wa mahafali unapowadia, viwanja vya Muhimbili, Upanga, jijini Dar es Salaam, hujaa majoho, mashada ya maua na vigelegele. Wazazi waliosafiri kwa basi kutoka mikoani husimama kando ya watoto wao kupigwa picha. Katika eneo hilohilo, wodi za Hospitali ya Taifa huendelea na kazi kama kawaida. Mgonjwa anayezisikia shangwe hizo akiwa kitandani ana haki ya kujiuliza: je, hawa wanaosherehekea leo ndio watakaonitibu kesho? Makala haya yanakusudia kumjibu, na kuwakumbusha wahitimu wa zamani sehemu yao katika jibu hilo.

Chuo kilikotoka

Mafunzo ya udaktari yalianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, taifa likiwa bado changa na lenye madaktari wazalendo wachache mno. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa Kitivo cha Tiba katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za tiba. Na mwaka 2007 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo hii chuo kinafundisha madaktari, madaktari wa meno, wafamasia, wauguzi, wataalamu wa maabara na wa afya ya jamii, nacho kina kampasi nyingine Mloganzila. Majina yamebadilika, lakini msingi wa mafunzo ni uleule: mwanafunzi hujifunzia wodini, na mgonjwa ni mmojawapo wa walimu wake.

Shahada si leseni

Shahada ya udaktari huchukua miaka 5. Hata hivyo, kuvaa joho hakumpi mhitimu ruhusa ya kutibu peke yake. Kwanza hupewa usajili wa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha hufanya utarajali kwa muda wa miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa. Katika kipindi hicho huzunguka idara kuu, zikiwemo magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Katika kila idara hufanya kazi chini ya msimamizi anayetathmini utendaji wake. Akishatimiza masharti ndipo huweza kuomba usajili kamili na leseni. Wafamasia na wauguzi wa ngazi ya shahada nao hupitia utarajali, kila fani ikiwa chini ya baraza lake.

Sababu ya mwaka huo ni nzito. Chukua mfano wa mtoto mwenye uzito wa kilo 8 anayehitaji parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo. Hesabu sahihi ni miligramu 120. Mtarajali aliyechoka, saa tisa usiku, akikosea nafasi ya nukta moja tu, ataandika 1,200. Hesabu hiyo aliifaulu katika mtihani; kinachomwokoa mtoto usiku ule ni muuguzi anayeisoma karatasi kabla ya kutoa dawa, na daktari mwandamizi anayepokea simu bila kukaripia. Mtarajali aliyewahi kutukanwa kwa kuuliza atajifunza kunyamaza, na madhara ya ukimya wake yatamfika mgonjwa.

Nani aliye mbele yako?

Mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya kufundishia huzungukwa na watu wengi wenye makoti meupe, na si rahisi kuwatofautisha. Mwanafunzi bado hajahitimu. Anaruhusiwa kukuhoji na kukupima akiwa chini ya uangalizi, wala hapitishi uamuzi wa matibabu yako. Mtarajali ni daktari mwenye shahada anayefanya kazi chini ya usimamizi. Anayesomea ubingwa ni daktari aliyekwisha kusajiliwa, ambaye amerudi darasani na wodini kujiendeleza. Daktari bingwa ndiye mwenye dhamana kuu ya timu nzima.

Ni haki yako kumwuliza yeyote kati yao jina lake, kada yake na msimamizi wake. Ni haki yako kuelezwa kabla ya kupimwa kwa ajili ya mafunzo, na ukikataa, matibabu yako hayapaswi kupungua. Kwa upande mwingine, ukikubali, unatoa mchango mkubwa: mkono wa mwanafunzi uliojifunza kulipapasa ini lako leo unaweza kuugundua ugonjwa wa mtu mwingine mapema katika kituo cha mbali. Mweleze historia yako kwa ukamilifu, zikiwemo dawa za asili unazotumia na dawa zinazokudhuru. Mtarajali ana wagonjwa wengi, lakini mara nyingi ndiye anayeketi nawe kwa muda mrefu kuliko wote.

Neno kwa wahitimu wa zamani

Wahitimu wapya hawabaki wote Muhimbili. Wengi hupelekwa katika hospitali za mikoa na za mashirika ya dini, na huko wanaowapokea ni ninyi mliowatangulia. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mafunzo hufanyika mikononi mwenu.

Chama cha Madaktari Duniani kilipolifanyia marekebisho Azimio la Geneva mwaka 2017, kiliongeza katika kiapo cha daktari ahadi ya kuwashirikisha wengine ujuzi wake kwa manufaa ya mgonjwa, na kikataja heshima anayostahili mwanafunzi, si mwalimu peke yake. Ahadi hiyo hutimizwa kwa mambo madogo: kumtembeza mtarajali wodini siku ya kwanza na kumtambulisha kwa wauguzi, kumpa namba ya simu ya kupiga usiku na kuipokea, kupitia naye kosa lililotokea bila kumfedhehesha, na kumruhusu alale baada ya zamu ndefu.

Chuo nacho kinahitaji kusikia kutoka kwenu. Msimamizi wa wilayani ndiye anayeona kwanza kama wahitimu wa mwaka fulani wana udhaifu katika kusoma picha za eksirei au katika kuzungumza na familia iliyofiwa. Taarifa ya aina hiyo, ikiwafikia walimu, hurekebisha ufundishaji wa wale walio bado darasani.

Mahafali yajayo, vigelegele vitakaposikika tena hadi wodini, mgonjwa na ajue kwamba vijana wale hawatamjia peke yao. Nyuma ya kila mmoja anapaswa kuwapo msimamizi, muuguzi makini na baraza linalosimamia maadili. Na pale anapoona hawapo, aulize.