Kasigau: Pandia Rukanga, lala mawinguni, shukia Bungule

Msomaji wangu, kama umewahi kusafiri kwa barabara kati ya Nairobi na Mombasa, basi Kasigau umeuona. Ni ule mlima unaosimama peke yake upande wa kusini ukifika Maungu, nyika tupu kila upande, na wenyewe umejifunga kilemba cha mawingu kichwani. Wengi wetu tunauangalia dirishani, tunasinzia, tukiamka tuko Mariakani.

Watu wa mjini tukisikia kupanda mlima, akili inakimbilia Kilimanjaro au Mlima Kenya, na pesa za watalii. Kasigau ni mita 1,641 tu. Lakini ngoja nikwambie, usiudharau. Nyika inayouzunguka iko kama mita 600, kwa hiyo unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu, tena wima wima. Magoti yatakusimulia.

Raha yake ni hii: si lazima urudi njia uliyopandia. Kuna vijiji kuuzunguka mlima, kama Rukanga, Jora, Makwasinyi na Bungule. Mimi na rafiki yangu wa Mombasa tuliamua kupandia Rukanga, kulala juu, na asubuhi kushukia Bungule. Tulikuwa na kijana wa Rukanga wa kutuonyesha njia, panga kiunoni na viatu vya tairi. Sisi tulikuwa na viatu vya bei mbaya. Unajua nani alitangulia muda wote.

JOTO CHINI, UKUNGU JUU

Tulianza saa nane mchana, jua la Tsavo likiwaka kama limeapa. Kwanza unapita mashamba ya mahindi na pojo, halafu vichaka vya miiba na mawe makubwa yanayochoma kiganja ukiyashika. Kwa saa mbili ni jasho tu. Rafiki yangu, ambaye mjini ana maneno mengi, alinyamaza kabisa.

Halafu, bwana wee, unaingia kama mlangoni. Miiba inakwisha, miti inakuwa mirefu, hewa inapoa. Magogo yamevaa kuvumwani kama manyoya ya kijani, na kwenye matawi yameota maua ambayo hayajui udongo. Ardhi ni laini, mguu unazama. Kuna vindege vidogo vyenye duara jeupe kuzunguka macho, kama vimevaa miwani. Kijana wetu akavionyesha kwa kidole bila kusimama. Ndege wale, msomaji wangu, duniani kote wako katika milima ya Taita na hapa Kasigau tu. Ukikata msitu huu, hawana pa kuhamia.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa kileleni. Usitarajie kuona dunia nzima kutoka pale, maana kilele chenyewe ni msitu. Lazima uende kwenye mwamba wa pembeni ndipo nyika ifunguke chini yako, kahawia mpaka macho yachoke, na taa za malori zikitambaa kule barabarani kama siafu.

USIKU WA MATONE

Hatukuwasha moto. Ndani ya msitu ule moto ni mwiko, na ni sawa. Tulikula chapati baridi na mayai ya kuchemsha, tukajikunja ndani ya hema na masweta mawili mawili. Ati tuko Kaunti ya Taita Taveta, kwenye joto!

Usiku nikasikia mvua. Nikatoa kichwa nje nione. Mbali kidogo, penye uwazi, nyota zinawaka. Mvua hakuna. Lakini chini ya miti, matone yanadondoka tap, tap, tap mpaka alfajiri.

Hapo ndipo niliuelewa mlima huu. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unavuka nyika yote bila kuacha hata tone. Ukigonga Kasigau unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa ukungu. Majani na kuvumwani vinaukamata ukungu ule, vinaudondosha, na udongo unaunywa kama sponji. Baadaye unatoka chini kama chemchemi. Kumbe miti ile inachota maji usiku kucha, bila ndoo wala pampu.

Asubuhi tukishukia Bungule tulikutana na chemchemi zenyewe, na bomba jeusi linateremka mlimani pamoja nasi. Tulilifuata mpaka kijijini, saa tano, na kwenye mfereji tulikuta akina mama na madumu ya njano yamepangwa foleni. Wengine walikuwa wanasuka vikapu vya mkonge huku wakingoja zamu.

"Mmelala juu?" mama mmoja akatuuliza. Tukasema ndiyo. "Kuko na ukungu?" Mwingi, mama, tukamwambia. Akacheka kwa furaha. Sisi alikuwa hatuulizii habari zetu. Alikuwa anaulizia maji yake.

WALIOFUKUZWA WAKARUDI

Watu hawa mlima wao wameulipia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walivuka kutoka koloni lao la jirani wakitaka kuikata reli ya Uganda inayopita karibu hapo, na Kasigau ikawa uwanja wa vita. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa wanamsaidia adui. Wakachoma nyumba zao na kuwahamishia Malindi, watu wa mlimani wakatupwa pwani. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirudi nyumbani miaka ya 1930.

Kwa nini warudi kwenye mlima katikati ya nyika yenye ndovu na ukame, wakati Malindi kuna bahari na minazi? Kwao ni kwao, ndiyo. Lakini pia ukiwa na dumu tupu katika nyika ile, unajua mahali pamoja tu pa kuelekea.

Ndiyo maana nasema: anayekata mti kule juu kwa ajili ya mbao mbili tatu, anafunga mfereji wa mama yake mzazi. Bomba unaweza kununua jingine dukani. Ukungu haununuliki.

UKITAKA KWENDA

Shuka Maungu, kisha tafuta gari au bodaboda ya Rukanga. Fika mchana, maana usiku barabara ni ya ndovu. Chukua kiongozi wa kijijini na mlipe vizuri, usibishane naye kama unanunua mitumba. Beba maji lita tatu kila mtu, sweta, tochi na viatu vyenye meno. Takataka zako shuka nazo. Wiki kabla ya safari, panda ngazi za ghorofa badala ya lifti.

Na ukifika Bungule ukakuta foleni ya madumu, usijipenyeze na chupa yako kwa sababu eti umechoka. Panga foleni. Wenyewe walikuwepo kabla yako.