Kiambishi Tamati katika Nomino za Kinandi: Mifano kutoka Huruma, Eldoret

Mtaa wa Huruma una jina la Kiswahili, lakini umo katika mji ambao jina lake lina umbo la Kinandi. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, Eldoret limetokana na neno la Kimaasai, eldore, yaani mto wa mawe, likatiwa mwisho wa Kinandi. Mji ulianza kwa posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika Shamba Nambari 64, ukapewa jina lake rasmi mwaka 1912. Mwisho huo wa -t ndio kiini cha makala haya, kwani asiyeuelewa hupotoka katika kutunga kamusi na katika kufundisha.

Kinandi ni lahaja ya Kikalenjini, nacho ni lugha ya Kiniloti cha Kusini, si ya Kibantu. Nomino yake ina maumbo mawili: umbo tupu, na umbo timilifu lenye kiambishi tamati. Mtoto ni lakwa, kisha lakwet. Mti ni ket, kisha ketit. Katika wingi husemwa lagok na ketik. Tangu kitabu cha A. C. Hollis cha mwaka 1909 hadi sarufi ya Chet Creider na Jane Tapsubei Creider ya mwaka 1989, wataalamu wamelishughulikia suala hili. Hata hivyo, kwa kuwa umbo timilifu ndilo linalosikika zaidi, mgeni hudhani kuwa ndilo shina.

Nguvu ya kiambishi hiki hudhihirika katika maneno ya mkopo. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na silabi yake ya kwanza ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Kiswahili, ambacho hupanga nomino kwa kutazama mwanzo wake, kiliifanya silabi hiyo kuwa kiambishi cha ngeli, kikapata vitabu. Kinandi kililipokea neno zima bila kuligusa mwanzoni, kikalitia mwisho wake: kitabut, na katika wingi kitabusiek. Vivyo hivyo meza ikawa mesait. Neno ni moja, lakini kila lugha imelivika vazi lake.

Umbo tupu nalo halikupotea. Limehifadhiwa katika majina ya watu. Kipchoge lina kiambishi awali Kip-, cha wanaume, pamoja na choge, ambalo umbo lake timilifu ni choget, yaani ghala la nafaka. Kiprop na Jerop, majina ya waliozaliwa wakati wa mvua, yana umbo tupu la ropta. Lakini inafaa tahadhari. Katika Kibet na Chebet, majina ya waliozaliwa mchana, sauti t ni ya shina lenyewe, kwani umbo timilifu ni betut. Kwa hiyo mwisho wa -et peke yake si ushahidi wa kiambishi: katika choget t huondoka, katika Kibet haiondoki.

Yafuatayo ni dhahiri. Kamusi ya Kinandi itakayoorodhesha umbo timilifu pekee itaficha shina, na itakayoorodhesha umbo tupu pekee itampa msomaji neno asilolisikia sokoni. Kila nomino yastahili kuandikwa kwa maumbo yote mawili pamoja na wingi wake.