Kelele za Mburahati: Sisso, Singeli na Macho ya Mhakiki

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Itaka, wilayani Mbozi. Kulikuwa na harusi ya jirani, na usiku ulipoingia vijana wakafungulia maspika: singeli tupu. Watoto walitimua vumbi mpaka basi. Baba yangu mdogo, ambaye ni mtu wa kwaya, alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma fasihi huko chuoni, hebu niambie. Huu ni wimbo au ni kelele?"

Nilicheka tu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na nimeamua kulijibu swali lake kwa kumfuata mtu mmoja: Mohamed Hamza Ally, anayejulikana zaidi kwa jina la Sisso.

Tuanze na chimbuko. Singeli haikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake ulikuwapo mchiriku, muziki wa uswahilini Dar es Salaam, uliopigwa kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio, sauti ikipitishwa kwenye vipaza sauti vilivyochoka hadi ikakwaruza. Taarabu nayo ilikuwapo, na ngoma za Kizaramo pia. Katika sherehe za mtaani, zile za kukesha zinazoitwa vigodoro, vijana walianza kuchukua vipande vya ala za taarabu na mchiriku, wakavizungusha na kuviongeza kasi, kisha msanii akashika kipaza sauti na kughani juu yake. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 majina kama Msaga Sumu na Man Fongo yalikwisha kutoka mtaani na kuingia redioni.

Sisso ni wa upande ambao hadhira huwa haiuoni, upande wa mtayarishaji. Studio yake aliifungua Mburahati, Dar es Salaam. Vifaa vyake ni kompyuta, programu za kawaida na kinanda. Humo ndimo walimopitia akina Jay Mitta na Bamba Pana. Biti zao hupita mapigo 200 kwa dakika, na nyingine hukaribia 300. Kwa kulinganisha tu, bongo fleva nyingi tunazozisikia kwenye daladala hazifiki hata nusu ya hapo.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio hiyo, ukaitwa *Sounds of Sisso*. (Jina la lebo lisikushtue, ndugu msomaji. Mswahili hulitamka akiangalia kwanza kama mama yuko karibu, lakini kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza.) Kupitia mlango huo singeli ilivuka mipaka, ikapigwa Jinja, kisha Ulaya. Mwaka 2019 Sisso alitoa albamu yake mwenyewe, *Mateso*, na mwaka 2024 akatoa *Singeli ya Maajabu* pamoja na mpiga kinanda Maiko.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu kwa mhakiki. Kule Ulaya kazi za Sisso huwekwa kwenye fungu la muziki wa majaribio. Husikilizwa na watu wanaomjua Pierre Schaeffer, yule Mfaransa aliyechukua sauti zilizorekodiwa mwaka 1948, akazikatakata na kuzipanga upya jijini Paris akapata muziki. Huku kwetu kazi zilezile huitwa muziki wa kihuni. Biti haijabadilika, na mtu aliyeitengeneza ni yuleyule. Kilichobadilika ni sikio. Basi neno "majaribio" linatueleza habari za msikilizaji kuliko za msanii. Kijana wa Mburahati hakukaa chini akasema leo nafanya majaribio. Alikuwa na sherehe usiku ule na watu wa kuwachezesha, akatafuta njia.

Sasa tuingie kwenye taaluma yetu. Profesa Mulokozi ametufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hukutanisha fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Hebu tukipime kigodoro kwa mizani hiyo. Fanani wapo, tena wawili: anayeghani na anayeendesha mashine. Hadhira ipo, nayo haikai kimya, bali hudakia, hupiga kelele, huamua wimbo uendelee au ukatwe. Mahali ni uchochoroni, na wakati ni usiku wa manane. Hakuna kinachokosekana. Tukikubali kwamba majigambo na ngonjera ni fasihi, kwa hoja gani tutaifungia singeli mlango?

Wengine watasema: maneno hayasikiki, yanakwenda mbio mno. Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea. Tumezoea kutafuta maudhui katika maneno na kuiacha fani iwe kama bakuli tu la kubebea mchuzi. Katika singeli kasi yenyewe inasema kitu. Yule anayeghani hukimbizana na biti kama konda anayelikimbilia gari lake linaloondoka, na akichelewa anaachwa. Na jina la albamu ni *Mateso*, ilhali biti zake zinakunyanyua kitini. Mwanafunzi wa fasihi aliyefundishwa kinaya anaweza kweli kupita hapo bila kusimama?

Na hili si geni. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wanamapokeo walisema yale si mashairi, kwani vina viko wapi na mizani iko wapi? Kanuni alikwisha kuziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, kwa hiyo kazi ya mhakiki ilionekana kuwa ni kuhesabu silabi tu. Leo tunamsoma Kezilahabi darasani na mitihani tunafanya. Wale waliomkataa hawakuwa wajinga, walikuwa na sikio lililozoea mwendo mmoja. Tujiangalie tusije tukawa wao.

Sisemi tuipokee singeli kichwakichwa. Zipo nyimbo zenye matusi, na zipo zinazomfanya mwanamke kuwa kitu cha kuchezewa. Mhakiki ayaseme hayo bila kumung'unya maneno. Lakini ayaseme baada ya kusikiliza, kama anavyosoma riwaya yote kabla ya kuilaumu.

Kuna jambo moja linaniuma. Biti ikishasafiri hadi kwenye kumbi za Ulaya, katika yale mambo sita mengi hubaki nyuma. Hadhira mpya haijui Kiswahili, utani wa mtaani haiupati, na mahali pamegeuka. Inabaki kasi. Si kosa la Sisso, maana msanii lazima ale, na Kampala walimfungulia mlango ambao sisi hatukuugusa. Lakini yale maneno yanayoghaniwa usiku mmoja Mburahati na kupotea alfajiri, nani anayaandika? Wageni wamehifadhi mdundo. Maneno ni juu yetu sisi tunaoijua lugha, na mpaka sasa wengi wetu tunasubiri yachapwe kitabuni kwanza ndipo tuyaite fasihi.

Basi, baba mdogo, jibu langu ni hili. Ni wimbo, na ni kelele pia, kwa sababu aliyeutunga anaishi penye kelele na hakutaka kuzificha. Harusi ijayo tusikae pembeni. Twende tukasimame karibu na spika, mimi nikiwa na daftari. Utaniambia unachosikia, nami nitaandika.

Wenye hoja tofauti, kalamu ni zenu.